Kila toleo jipya la programu linatufungia nje sisi tusioona. Hadi lini?

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mimi sioni. Ni mhasibu, mwaka wa sita huu naandaa mishahara kazini kwetu kwa kompyuta kama za wenzangu, ila yangu ina NVDA inayonisomea skrini. Wiki iliyopita kampuni iliyotuuzia mfumo wa mishahara, huu unaofunguka kwenye kivinjari, imetuwekea toleo jipya. Nikaingia, nikabonyeza Tab, ya kunihamisha kitufe hadi kitufe: "batani". Tena: "batani". Tena: "batani". Vitufe kumi na moja, hakuna hata kimoja chenye jina! Wenye macho wanaona vipicha, diski ya kuhifadhi, pipa la kufutia. Mimi nikabahatisha, nikafuta mahudhurio ya mwezi mzima.

Nikawapigia simu. Kijana akanijibu, "Kaka, si umwombe mtu wa karibu akusomee?" Anisomee nini, mishahara ya wenzake?

Kinachoniuma ni kwamba kukipa kitufe jina ni kuandika neno moja tu kwenye msimbo: Hifadhi. Basi. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kuzifanya kurasa za mtandao zitumike na wenye ulemavu, ulishalidai hilo tangu 1999. Wala wasiseme gharama, maana NVDA ni ya bure. Ilianzishwa 2006 na Michael Curran wa Australia, naye haoni. Wangeiwasha dakika tano tu kabla ya kutuletea, wangesikia ninachosikia mimi. Ulaya sheria imeanza kuwabana wenye benki na maduka ya mtandaoni tangu Juni 28, 2025. Huku kwetu Tanzania Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, na bado naambiwa nitafute wa kunisomea.

Sasa wanatuliwaza kwa akili mnemba, eti itatutazamia skrini. Naitumia kuelezewa picha za wanangu, na nashukuru mno. Lakini kwenye pesa za watu sitaki mashine inikisie kipi ni "Lipa" na kipi ni "Futa". Nataka jina liandikwe na aliyekitengeneza kitufe, na toleo linalofuata lisilifute.

Watengeneza programu mliomo humu, zimeni skrini, chomoeni mausi, mjaribu kulipa mshahara wa mtu mmoja tu. Mishahara yetu inatoka Ijumaa, na mimi bado nasikia "batani" mara kumi na moja.