Mjadala: Spider-Man aachwe azeeke, au abaki kijana milele?

Mtoa mada, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Leo sijaja na ile ya nani akikutana na nani atapigwa. Nimemaliza komiki za wiki hii usiku wa manane na kuna jambo linanikera, naomba tulijadili.

Kwa wasiofuatilia: Marekani komiki mpya hutoka Jumatano. Jumatano hii, tarehe 9 Oktoba 2024, kampuni ya DC wametoa komiki ya Absolute Batman namba moja, mwandishi Scott Snyder, mchoraji Nick Dragotta. Nimelipa dola 4.99, yaani zaidi ya shilingi 13,000, kwa kitu cha kusomea kwenye tableti. Mke wangu asijue.

Bruce Wayne wa humu, ndiye Batman mwenyewe, hana hela. Hana jumba wala mtumishi wa kumletea chai. Ni mhandisi wa ujenzi. Baba yake alikuwa mwalimu, akauawa kwa risasi kwenye bustani ya wanyama alikowapeleka wanafunzi wake. Mama yuko hai. Ile alama ya popo kifuani inabanduka na kuwa shoka! Dragotta kamchora mpana kama kontena la bandarini, na ukurasa wa shoka nimeurudia mara tatu.

Sasa kero yangu. Tangu Januari tuna Ultimate Spider-Man ya Jonathan Hickman na Marco Checchetto. Peter Parker wa humo, ndiye Spider-Man, ana ndevu, ana mke, Mary Jane, na watoto wawili. Hakung'atwa na buibui akiwa mtoto wa shule. Analetewa buibui akiwa baba wa familia, na anaamua mwenyewe kung'atwa. Binti yake mdogo ndiye anayemsaidia kuchagua rangi za vazi. Kwangu mimi hii ndiyo komiki bora ya mwaka. Na kama Absolute Batman, inatokea kwenye ulimwengu wa kando, nje ya hadithi kuu. Ile Amazing Spider-Man yenyewe, iliyoanza 1963, Peter bado anahangaika na kodi ya nyumba na mapenzi yasiyoisha.

Mwaka 1998 nilinunua Spider-Man wangu wa kwanza kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini kule Posta. Haikuwa na jalada, pini zimeshika kutu, na ukurasa wa mwisho haukuwepo, kwa hiyo mpaka leo sijui ile vita iliishaje. Nilikuwa na miaka kumi. Peter alikuwa mtu mzima, ameoa. Nilimwona kama kaka mkubwa. Walikuwa wamemwozesha Mary Jane mwaka 1987. Mwaka 2007 kampuni ya Marvel, wenye Spider-Man, wakaifuta ndoa hiyo: Peter na mkewe wanaingia mkataba na Mephisto, shetani kabisa, ili shangazi May asife, na malipo ni ndoa yao. Siyo talaka, haikuwahi kutokea. Hoja ya Joe Quesada, mhariri mkuu wa wakati huo, ilikuwa kwamba ndoa inamzeesha.

Leo mimi nina mke na mtoto wa darasa la kwanza. Kaka yangu mkubwa nimempita umri. Nikimsoma namwona kama mdogo wangu asiyetaka kuhama kwa mama.

Swali: kwa nini mpaka waunde dunia nyingine ndipo wamruhusu mtu kukua? Mimi nasema Peter wa kwenye kitabu kikuu aachwe azeeke, na ikibidi afe kweli. Karibuni.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu yangu, umeandika vizuri lakini umekosea mlango. Nikuulize: Sungura ana miaka mingapi? Bibi yangu alinihadithia Sungura na Fisi, na mimi nawahadithia wanangu, na Sungura ni yule yule mjanja, Fisi ni yule yule mlafi. Hakuna aliyewahi kusimama katikati ya hadithi akauliza mbona Sungura hajaoa. Abunuwasi vile vile. Na kwenye gazeti la Taifa Leo, Juha Kalulu wa Edward Gitau alichorwa miaka na miaka, akabaki Juha.

Wewe umekua, hongera. Ila kuna mtoto wa miaka kumi leo anayeokota Spider-Man wake wa kwanza. Ukimpa mzee wa kisukari na mgongo, umemnyima kile ulichokipata wewe Posta. Peter aliumbwa Agosti 1962 awe kijana wa miaka 15 mwenye matatizo ya kijana. Ukiyatoa hayo, kinachobaki ni mtu aliyevaa nguo za kubana.

Mchangiaji, Minneapolis

Mimi huku nanunua za karatasi dukani kila Jumatano, hata theluji ikinifika magotini. Wote wawili mnazungumza kana kwamba ni suala la sanaa. Ni biashara, jamani.

Novemba 1992 DC walimuua Superman, toleo namba 75. Walilifunga kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ndani wakatia kitambaa cheusi cha mkononi cha kuvaa msibani. Watu walipanga foleni wakanunua nakala tano tano, wakidhani watasomesha watoto. Mwaka uliofuata Superman akarudi. Hizo nakala leo ukiingia duka lolote la komiki unazikuta kwenye sanduku la bei poa. Mtoa mada, hicho kifo cha "kweli" unachokitaka kimeshauzwa mara nyingi mno.

Halafu kuzeeka kumeshajaribiwa. Barry Allen, yule Flash, alikufa 1985, Wally West mpwa wa mkewe akarithi vazi, akakua mbele ya macho yetu, akaoa, akazaa. Zaidi ya miaka ishirini! Mimi nimekua na Wally. Mwaka 2008 wakamrudisha Barry, Wally akasukumwa pembeni kama mtoto wa kambo. Superman na Lois walioana 1996, ndoa ikafutwa 2011, ikarudishwa 2016. Unayetaka mtu azeeke kikwelikweli nenda kwa komiki ya Savage Dragon ya Erik Larsen. Inatoka tangu 1992, kila mwaka unaopita kwetu unapita na kwao, na siku hizi mhusika mkuu ni mtoto wa yule wa mwanzo. Kwa nini inawezekana pale? Kwa sababu Dragon ni mali ya Larsen mwenyewe. Siegel na Shuster waliomuumba Superman waliuza haki zao kwa dola 130. Aliyenunua hana sababu ya kuruhusu mtaji wake uzeeke.

Mchangiaji, Nairobi

Kaka zangu, mnabishana kuhusu nani azeeke na hakuna aliyegusa kitabu cha wiki iliyopita. Tarehe 2 Oktoba imetoka Storm namba moja, mwandishi ni Murewa Ayodele, Mnigeria. Ororo, ndiye Storm wa kundi la X-Men anayeamuru hali ya hewa, anajitosa kwenye mlipuko wa kinu cha nyuklia Oklahoma na anatoka na ugonjwa wa mionzi. Lucas Werneck amechora mawingu mpaka unataka kuanua nguo.

Mama yake Storm, kwenye hadithi, ni binti wa kifalme kutoka Kenya, kwa hiyo huyu ni wetu kwa upande wa wajomba na nina haki ya kulalamika. Amekuwepo tangu 1975. Unajua amepata mfululizo wa peke yake mara ngapi? Ule wa 2014 ulikufa kwenye toleo la 11. Mwaka 2006 wakamwoza T'Challa wa Wakanda, yaani Black Panther, harusi ya mabango, na 2012 wakaivunja katikati ya vita ya watu wengine, ndani ya kitabu ambacho hata hakikuwa chake.

Peter amekuwa na kurasa za kutosha kuchoka nazo. Kwetu sisi swali la kuzeeka halijafika. Mtu akifikisha matoleo 12 ndipo tuanze kumhesabia miaka.

Na huo ugonjwa wa mionzi usiwatoe machozi. X-Men walikaa Krakoa, kisiwa chao, kuanzia 2019 hadi mwaka huu wakifa asubuhi na kufufuliwa jioni. Nani ataamini jeneza lao tena?

Mtoa mada

Dada wa Nairobi, hoja ya toleo la 12 imenikata maini, sina jibu. Storm nitainunua. (Mke wangu asijue, nasema tena.)

Wa Minneapolis, kwamba ni biashara nakubali, ila biashara hiyo hiyo ndiyo imetoa Ultimate Spider-Man, na toleo la kwanza liliisha madukani wakachapa tena na tena. Baba mwenye ndevu anauza.

Wa Mombasa, nakujibu kwa lugha ya nyumbani kwenu. Umeniletea Sungura, nami nakuletea Fumo Liyongo. Liyongo hakuna silaha iliyomweza, isipokuwa sindano ya shaba ya kitovuni, na anayemchoma ni mwanawe mwenyewe, aliyerubuniwa. Anatoka mpaka kisimani, anapiga goti, anatia mshale kwenye upinde, anakata roho katika hali ile. Watu wanakaa na kiu siku kadhaa kwa kumwogopa maiti. Mama yake anakwenda kumwimbia atulie, mpaka anapoanguka ndipo wanajua. Sungura ananichekesha. Lakini aliyenifanya nisilale nikiwa mtoto ni yule maiti aliyeshika upinde, na hilo haliwezekani kama kesho yake angefufuka na toleo jipya namba moja.

Mchangiaji, Mombasa

Hapo umenipiga na jiwe la kwetu. Lakini angalia unachosema: Liyongo amekufa mara moja, na sisi tunamuua upya kila tunapohadithia. Mtoto anayesikia leo anamkuta mzima mwanzoni mwa hadithi, kijana mwenye nguvu. Huyo naye hazeeki, bali ana mwisho. Hivyo ni vitu viwili na wewe unavichanganya.

Mtoa mada

Basi nitake mwisho, siyo uzee. Nitampa Peter ndevu hata hivyo.

Mchangiaji, Minneapolis

Mwisho ndio kitu pekee ambacho hawatakuuzia. Komiki ya Invincible ilifika namba 144 mwaka 2018 ikafungwa, kwa sababu wenyewe waliamua. Haya, Jumatano ijayo nikiwa dukani nani anataka nimpigie picha za majalada?

Mchangiaji, Nairobi

Mimi. Anza na rafu ya Storm, na uniambie wameiweka juu au chini kabisa.