Nimetoka jeshini nina LLB (digrii ya sheria), nataka kuwa wakili wa kesi za ndoa tu hapa Tanga, nitakula kweli?

sajini_mstaafu
Wakuu habari za jioni, poleni na joto. Mi mtu wa hapahapa, Mikanjuni, mwaka jana nimevua gwanda baada ya miaka 22, nimetoka na usajini wangu. Nikiwa kazini nilisoma sheria Chuo Kikuu Huria, kituo cha Tanga, nilisoma kwa kuungaunga, mwaka huu nafanya pepa mbili, mwaka unaofata nipo operesheni sijagusa hata moja, ilimradi LLB ninayo. Kiingereza kipo vizuri, kilinyookea Lebanon nilipoenda kulinda amani, kule ukipangwa zamu na Mghana au Mnepali utaongea tu utake usitake.

Sasa nataka niwe wakili wa ndoa na familia basi, sio jinai sio viwanja. Mi nilikuwa MP, yaani polisi wa jeshi, getini nimekaa sana, na kila mwisho wa mwezi hakosi kuja mama ana mtoto mgongoni anamuulizia kopro fulani, anaambiwa hayupo kahamishwa, na kuna siku huyo kopro yupo ndani anakunywa chai tunatazamana nae. Nimewafungia geti wengi.

Naomba kujua hiyo Law School ya kusomea uwakili ni ngumu kama wanavosema au watu waoga, hizi lugha mbili zitanisaidia sasa hivi ambapo mahakama inaendeshwa kwa Kiswahili, na je mteja akisikia nimetoka jeshini atanikimbia? NAOMBA MAJIBU YA KWELI.

wakili_wa_mtaani
Karibu uraiani afande. Kwanza na LLB yako wewe ni mwanasheria, wakili bado, usije ukaandika kibao ukabandika mlangoni halafu ukasema nilikuwa sijui. Mpaka upite Law School pale Dar, ufaulu, uombe kuapishwa na Jaji Mkuu, jina liingie kwenye orodha ya mawakili, alafu kila mwaka ulipie leseni.

Ugumu upo. Mwaka 2022 yalitoka matokeo wanafunzi 633 wakafaulu moja kwa moja 26, nchi nzima ikapiga kelele mpaka waziri akaunda kamati chini ya Dk Mwakyembe. Wengine walirudia wakapita, lakini ile namba 26 ukiiona kwenye ubao inakaa kichwani. Na kilichowaangusha watu wengi kwa maoni yangu ni uandishi, mtu ana digrii hawezi kuandika hati ya madai ikaeleweka. Wewe kama ulikuwa MP umeandika ripoti za matukio miaka yote, saa ngapi, wapi, nani alikuwepo, nani alisema nini. Hiyo ni mali, ichunge.

Lugha sasa. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa ndo lugha ya mahakama, ni kweli, na kwenye kesi za ndoa imekuwa nafuu kubwa kwa wateja. Ila hukumu za Mahakama ya Rufani za miaka arobaini nyuma zipo kwa Kiingereza na ndo utakazosimamia, kwahiyo unasoma usiku kwa Kiingereza asubuhi unaongea Kiswahili. Bado wale wa Tanga wenye waume Oman au Uingereza, makaratasi yao yanakuja na Kiingereza chake.

Hela? Nitakuwa mkweli, ndoa peke yake hailipi. Mtu anakulipa nusu, unaandaa kila kitu, wiki ya pili wamepatana, nusu yako ya pili imekufa na huwezi hata kununa maana inabidi ufurahi nao. Utafanya mirathi, utagonga mihuri ya viapo, vile viwanja unavovikataa utavifanya tu.

bibi_makorora
Mwanangu hebu punguza sauti kwanza, hizo herufi kubwa ndo za kumuita kuruta. Mama aliyepigwa akija ofisini kwako ukamwambia ELEZA KWA UFUPI atasimama atoke.

Mi nilikaa baraza la usuluhishi la ndoa miaka sita. Hakuna mtu anaanza na tatizo lenyewe. Anaanza na mahari, anaenda kwa wifi, anakuja kwenye godoro walilonunua Ngamiani, na wewe unasubiri, kwenye godoro ndo utasikia kwamba hajalala na mumewe mwaka wa pili. Ukimkata hapo kesi yote imepotea.

Na hizo lugha mbili mnazosema, mwenzangu, Tanga hii? Wazee wa kutoka Lushoto wakija kumsemea binti yao wanaanza vizuri na Kiswahili, hasira ikipanda wanahamia Kisambaa, wa Mkinga wanahamia Kidigo, na pale kwenye hasira ndo ukweli unapotoka. Baraza letu alikuwepo mzee mmoja anasikia Kidigo na Kibondei, alikuwa na faida kuliko sisi wote. Kimoja unakijua?

sajini_mstaafu
Shikamoo bibi. Samahani kwa herufi, mazoea. Kisambaa nasikia chote, mama yangu wa Bumbuli, kukiongea ndo watu wananicheka.

bibi_makorora
Marahaba. Kusikia kunatosha. Wakikucheka wataongea zaidi.

mti_mkavu
Mi sina imani na mwanajeshi kwenye kesi ya mwanamke, samahani. Mtazamo wenu ni mwanaume katafuta mwanamke kakaa nyumbani. Bahati nzuri kesi ya Bi Hawa Mohamed ilishamaliza hayo, kazi za nyumbani ni mchango na mali inagawanywa, alishinda yule mama.

wakili_wa_mtaani
@mti_mkavu kila mtu anasema alishinda. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango kwenye mali ya ndoa, hilo tunalitumia mpaka leo chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, mahakama ilisema mume alishampa hela ya biashara akaitapanya, hivo fungu lake akahesabiwa ameshalichukua. Wanawake wengine ndo wamekula jasho lake. Afande soma hukumu yenyewe, usisome muhtasari wa kwenye magrupu.

Na kitu kingine umkumbushe kila mteja, bila hati ya baraza la usuluhishi kwamba wameshindwa kuwapatanisha, kesi ya talaka haifiki mbali isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa kifungu cha 101. Ndugu yangu mmoja aliwekewa kesi na wakili ambaye hata hakumuuliza kama wamepita baraza, ikatupwa, akaanza upya na hela haikurudi.

mama_wawili_duga
Jamani nimewasoma wote nina swali sio la mada. Nimefungua kesi ya talaka, baraza nilishapita, mume ni askari wa jeshi kambi ipo mkoa mwingine, samansi ya kumuita mahakamani imeenda mara mbili inarudi wanasema hajulikani hapo. Hakimu kaahirisha tena. Nifanyeje

sajini_mstaafu
Dada pole. Mi bado sio wakili kwahiyo hii ni bure na ukathibitishe na karani. Ilipelekwa na nani, waliiacha wapi?

mama_wawili_duga
Getini.

sajini_mstaafu
Basi ndo hivo. Getini najua zinapoishia. Samansi ya askari mahakama inaituma kwa mkuu wake wa kikosi, yeye ndo amfikishie na arudishe majibu mahakamani kwamba kaipata. Muombe karani ielekezwe kwa mkuu wa kikosi. Na isiwe na jina tupu, jina tupu watakwambia wapo watano, iandikwe namba yake ya jeshi, cheo, jina kamili. Ukiwa na namba hawana pa kumficha. Unayo?

wakili_wa_mtaani
Kasema sawa. Hakimu mwenyewe anaweza kuelekeza hivo, liombe siku ya kutajwa, usisubiri kuulizwa.

mama_wawili_duga
Namba sina kaka, vyeti vyake vyote aliondoka navyo.

sajini_mstaafu
Tranka aliondoka nalo?

mama_wawili_duga
Tranka lipo, naweka nguo za watoto.

sajini_mstaafu
Angalia mfuniko, kwa juu au kwa ndani. Wote tunaandika kwa rangi nyeupe.

mama_wawili_duga
Ngoja nitoe nguo