Nimekutwa na vinyama kwenye utumbo mpana, dawa za asili zinaweza kuvimaliza?

Mtu wa Msimbazi: Wakuu, habari za usiku. Mwanaume, miaka 39, niko Dar. Mwezi uliopita nilifanyiwa kolonoskopi, kile kipimo cha kamera ya kupitishwa nyuma. Wakakuta vinyama 3, wanaviita polipu. Viwili vya milimita 4 walivitoa palepale. Cha tatu ni kikubwa kidogo, wakakata kipande kikaenda maabara. Majibu: si kansa. Bado daktari anataka nirudi wakitoe. Nakula vizuri, siumwi popote. Kama si kansa, kuna haja gani? Na kuna aliyetumia dawa za asili vikaisha? Silali jamani.

Mzee wa Kiwalani: Kijana, nyama choma na bia ndizo zinawamaliza. Mimi tangu 2011 sigusi nyama nyekundu. Kula mchicha, tembea, umwombe Mungu.

Kisu Butu: Kamera imepita mlango wa uani bila hodi 😂 pole kiongozi.

Chausiku: Kisu Butu, mwenzio analia wewe unacheka. Mjomba wangu alijitibu bawasiri miaka 2, kila akiona damu anapaka mafuta. Alipokuja kupimwa, utumbo ulishaziba. Wakamtolea njia ya choo tumboni, mimi ndiye nilikuwa nambadilishia mfuko. Alikuwa fundi cherehani, akajishonea vifuko vya khanga vya kuufunika ili wageni wasiuone. Kimoja ninacho mpaka leo.

Nesi wa Zamu: Mleta uzi, "kikubwa kidogo" ni kiasi gani? Ripoti imeandika aina gani? Na kwenu kuna aliyewahi kuugua utumbo?

Mtu wa Msimbazi: Sentimita 2.2. Wameandika adenoma ya tubulovilasi. Ya kwetu tuyaache.

Nesi wa Zamu: Hapana, tusiyaache. Polipu nyingi hazigeuki kansa, hilo ni kweli. Lakini kansa nyingi za utumbo mpana zilianzia kwenye polipu, hasa adenoma, yaani ile aina inayoweza kugeuka kansa, na mara nyingi safari hiyo huchukua miaka 10 hivi au zaidi. Ikifika sentimita 1 hatari inapanda. Ikiwa na hiyo sehemu ya vilasi, iliyoota kama vidole vidogo, inapanda tena. Yako ina vyote viwili. Na kile kipande kinajisemea chenyewe tu, seli mbaya zinaweza kuwa upande ambao hawakukata. Mpaka kitoke chote ndipo maabara itasema kwa uhakika. Wanakivisha kitanzi cha waya, wanakaza, wanakikata kwa moto wa umeme, mara nyingi bila kupasua tumbo. Sasa nijibu lile la tatu.

Mtu wa Msimbazi: Mama alifariki na miaka 48. Nyumbani tuliambiana ni bawasiri. Karatasi ya hospitali niliiona mimi peke yangu, imeandikwa kansa ya utumbo mpana. Ila mimi si mama. Na nimeshamlipa mtaalamu wa mitishamba laki 1 na 80, dozi ya siku 40, leo ya 12, choo kimelainika kabisa. Tarehe ya hospitali imepita sikwenda. Nikimaliza dozi nitapima tena.

Nesi wa Zamu: Choo kulainika hakukiambii kitu hicho kinyama. Hakuna mtishamba uliothibitishwa kuyeyusha adenoma.

Mzee wa Kiwalani: Kwani hiyo si ya sisi wazee? Miaka 39 bado mbichi.

Chausiku: Mzee wangu, Chadwick Boseman, yule mwigizaji wa Marekani, aliondoka 2020 na miaka 43 kwa kansa hiihii.

Gubu la Uswazi: Hii chai. Mama, karatasi ya siri, dozi ya siku 40? Subirini ukurasa wa pili atamwaga namba ya huyo mtaalamu. Wasimamizi, futeni tangazo.

Kisu Butu: ID yenyewe ya juzi.

Mtu wa Msimbazi: Sitaji mtu wala dawa, msiniombe hata PM. ID ni mpya kwa sababu mke wangu anaijua ya zamani. Unataka ushahidi gani? Usiku wa kuamkia kipimo nilikunywa lita 4 za ile dawa ya kusafisha tumbo, chumvichumvi kama maji ya bahari pale Coco Beach. Saa 8 usiku kilichokuwa kinatoka ni maji ya njano, sakafu ya choo inaonekana. Nimekaa pale namkumbuka mama na beseni lake la maji ya uvuguvugu, akikalia kila jioni, tukidhani linamsaidia.

Gubu la Uswazi: Hayo maji ya njano hayatungwi. Mke wangu aliyapitia. Samahani mkuu. Nenda ukatoe.

Nesi wa Zamu: Ambaye mzazi wake aliugua kabla ya miaka 60 huanza kupimwa akiwa na 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mzazi aligundulika, kinachotangulia. Kwa hiyo wewe kupimwa hukuwahi, umefika wakati wake. Una wadogo?

Mtu wa Msimbazi: Wawili. 36 na 33.

Nesi wa Zamu: Wote waonane na daktari sasa, wasisubiri 38, yaani 48 ya mama ukitoa 10. Baada ya majibu yako si mama peke yake tena. Na kesho asubuhi piga simu uombe tarehe nyingine.

Mtu wa Msimbazi: Nitapiga. Huyu wa 36 nimemwandikia sasa hivi kwamba akapime utumbo kwa sababu ya mama. Amejibu, "Kwani mama si alikuwa na bawasiri?" Naandika, nafuta. Naandika, nafuta.