Mjadala: Tanzania iachane na ardhi ya umma na kufuata hati binafsi kama Kenya?

Wakuu, kila Kenya na Tanzania zinapowekwa kwenye mizani, mazungumzo huishia palepale: maghorofa ya Nairobi na ya Dar, nani anajua Kiingereza, nani mchapakazi na nani mvivu. Tangu Julai 2025, serikali yetu ilipotoa amri ya kuwazuia wageni kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni na ununuzi wa mazao shambani, maneno yamezidi kuwa makali. Ndani ya maneno hayo imerudi hoja moja ambayo naona inastahili mjadala wake yenyewe. Inasemwa kwamba Mkenya ametupita kiuchumi kwa sababu ana hati ya shamba anayoweza kuipeleka benki, na sisi tumebaki nyuma kwa sababu ardhi yetu yote ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: tusifuate mfumo wa Kenya. Lakini na huu wetu, kwa jinsi ulivyo leo, siwezi kuutetea.

Tuanze na ramani, kwa sababu wengi wanaojadili hili hawaitazami. Kenya ina kilomita za mraba kama 580,000, Tanzania kama 945,000. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na yetu ya 2022 ikahesabu milioni 61.7. Ukigawanya, Kenya ina watu kama 82 kwa kila kilomita ya mraba na sisi kama 65. Si tofauti ya kutisha. Ila wastani huo unaficha jambo kubwa: takriban asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame. Turkana, Marsabit, Wajir, Garissa, Mandera, hayo ni maeneo makubwa ya wafugaji ambako mvua ni ya kubahatisha. Wakulima wamebanana kwenye nyanda za juu, ukanda wa Ziwa Victoria na sehemu ya pwani. Ndiyo maana Kiambu, Murang'a au Kisii shamba la baba likigawiwa watoto linabaki kipande, na kipande kinagawiwa wajukuu, mpaka watu wanauziana viwanja vya futi hamsini kwa mia pale palipokuwa na kahawa.

Sisi tuna nyanda za juu kusini. Ruvuma, Rukwa, Mbeya, Njombe na Iringa wanavuna mahindi mengi, na sehemu ya mavuno hayo inapita Namanga kwenda kulisha Kenya. Vitunguu vya Mang'ola kule Karatu na machungwa ya Muheza vinafuata njia za mpakani hizohizo. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa hoja ya sumukuvu, kilio kilisikika pande zote mbili, na zuio lile halikudumu hata wiki mbili. Kwa hiyo Mkenya anayenunua zao shambani Mang'ola hakuja kwa ubabe wala dharau. Amefuata chakula ambacho ardhi yake yenye rutuba haitoshi kukizalisha. Mimi naona kumzuia mnunuzi huyo asifike shambani kunamuumiza zaidi mkulima wetu, lakini hilo tuliache lisije likatupoteza.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba tuna ardhi ya kumwaga. Theluthi moja hivi ya nchi yetu iko chini ya hifadhi za aina mbalimbali. Dodoma na Singida mvua zao mnazijua. Kilimanjaro na Lushoto ardhi imekwisha zamani, vijana wanahama. Anayesema "Tanzania ina mapori tele, tugawe hati tu" hajatembea.

Sasa historia, maana hapa ndipo nchi hizi zilipoachana njia. Kenya ilikuwa koloni la walowezi. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999 kwenye nyanda zilizotengwa kwa ajili ya Wazungu. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa kimataifa, walowezi wakiwa wachache. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki ili eneo lipewe walowezi, na 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa kulalamika kwa niaba yao. Mwaka huohuo, Oktoba, Kenya ilitangaziwa hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Dhuluma ilikuwa ileile, ardhi, ila Wameru walikuwa na baraza la kupeleka shauri lao. Wakikuyu walikuwa na msitu.

Na hati binafsi, ambazo leo tunaambiwa ndiyo siri ya utajiri wa Kenya, zilianza kutolewa kwa wingi kwa Waafrika wakati wa hali hiyo ya hatari, chini ya mpango wa Swynnerton wa 1954. Moja ya shabaha zake ilikuwa kujenga tabaka la wakulima wenye mali ambalo halitakuwa na hamu ya uasi. Watu waliokuwa msituni au kizuizini wakati mashamba yanapimwa, wengi wao walirudi wakakuta mipaka imekwisha kuwekwa. Kisha ukaja mpango wa ekari milioni moja wa 1962, ambapo mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa fedha za mikopo na kuuzwa kwa Waafrika. Mwenye uwezo au mwenye mtu serikalini alipata, na asiyekuwa na kitu akabaki kuwa maskwota kwenye ardhi ya babu zake.

Matokeo yake Wakenya wenyewe wameyaandika. Tume ya Ndung'u, katika ripoti yake ya 2004, ilikadiria kwamba hati kama 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002: misitu, viwanja vya shule, hifadhi za barabara. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia kwa maelfu wakakimbia makazi yao. Cheche ilikuwa kura, lakini ukisikiliza kilichokuwa kikisemwa Bonde la Ufa, madai yalikuwa ya ardhi: nani ni mwenyeji, nani ni wa kuja, nani alinunua na nani aliporwa. Suala la ardhi liliwekwa kabisa kwenye ajenda ya usuluhishi ulioongozwa na Kofi Annan.

Hapa ndipo namuuliza kila anayetamani mfumo huo: wenye hati walikimbia wakiwa nazo mfukoni. Ziliwasaidia nini usiku ule?

Upande wetu, Nyerere alishaandika mwaka 1958 kwamba ardhi ikiwa bidhaa ya kuuzwa milele, baada ya muda wachache watakuwa nayo na wengi watakuwa wapangaji wao. Mwaka 1963 umiliki wa kudumu ukafutwa. Sheria ya Ardhi (Na. 4) na Sheria ya Ardhi ya Vijiji (Na. 5) za 1999 zikaendeleza msingi huo: ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, nayo imegawanywa kuwa ardhi ya jumla, ya kijiji na ya hifadhi. Mwanakijiji anaweza kuwa na hatimiliki ya kimila isiyo na ukomo wa miaka, na mwanamke ana haki sawa na mwanamume kuipata.

Faida ya msingi huo naiona kwenye utamaduni kuliko kwenye takwimu. Msukuma anahamia Rukwa au Morogoro na mifugo yake, Mchaga anafungua duka Tunduru, Mhaya anajenga Dodoma, na anayemuuliza kabila mara nyingi anatafuta utani tu. Kiswahili kimefanya kazi hiyo, shule zimefanya kazi hiyo, lakini ardhi isiyo na jina la kabila nayo imefanya. Sisemi tulifika hapo kwa upole. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu kwa nguvu, na nyumba zilichomwa. Wala sisemi tuna amani kamili mashambani: wakulima na wafugaji wa Kilosa wameuana kwa miaka.

Twende kwenye uchumi. Ndugu zetu Wakenya wanasema, na ni kweli, kwamba pato la mtu mmoja kwao ni karibu dola 2,000 kwa mwaka wakati letu liko kwenye 1,200 hivi. Benki ya Dunia iliwapandisha daraja la kipato cha kati cha chini mwaka 2014, na sisi tukafika 2020. Lakini je, ni hati za mashamba zilizoleta tofauti hiyo? Nairobi ilikuwa kitovu cha biashara na viwanda vya Afrika Mashariki nzima tangu enzi za Mwingereza. Sisi 1967 tulitaifisha benki na viwanda, wao wakaendelea na sekta binafsi bila kukatika. Wana chai, wana maua ya Naivasha, wana Wakenya wa ughaibuni ambao mwaka 2024 walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9.

Tena angalieni Mkenya wa kawaida anakopa wapi. Anakopa kwenye SACCO, yaani ushirika wa akiba na mikopo, ambako wadhamini wake ni wanachama wenzake. Anakopa kwenye "chama", yaani kikundi cha kuchangishana fedha. Tangu 2012, M-Shwari ilipoanza, anakopa kwenye simu, na anachopimwa ni jinsi anavyoweka na kutumia fedha zake. Mwenye ekari moja Nyeri hapeleki hati benki kirahisi, kwa sababu anajua akishindwa kulipa shamba la ukoo linapigwa mnada. Anayeitumia hati vizuri ni yule mwenye ardhi kubwa au kiwanja cha mjini. Kama tunataka kujifunza kwa Kenya, tujifunze SACCO zao. Hapo wametuacha mbali, na hakuna mtu aliyenyang'anywa shamba ili wafike pale.

Sasa zamu yetu kubanwa. Ardhi kuwa ya umma chini ya Rais kumemfanya mwanakijiji kuwa mgeni kwake pale serikali inapotaka eneo. Rais anaweza kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ya jumla au ya hifadhi kwa maslahi ya umma. Eneo likizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji unatoa mapendekezo na Waziri ndiye anayeamua. Kuna kasoro mbaya zaidi: Sheria Na. 4 inapoeleza ardhi ya jumla inajumuisha humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika, wakati Sheria Na. 5 haisemi hivyo. Kwa mfugaji hii ni hatari kubwa. Malisho aliyoyaacha makusudi mpaka kiangazi, kwa macho ya afisa aliyepita na gari mwezi wa nne, "hayatumiki". Loliondo, Juni 2022, kilomita za mraba 1,500 ziliwekewa vigingi na kugeuzwa pori tengefu, na baadaye pori la akiba, huku Wamaasai wakipinga. Mkenya akituambia kwamba hati ingewalinda wale wazee mahakamani, sina jibu jepesi la kumpa.

Ndiyo maana nasema kuna njia ambayo tulipewa tukaikataa. Tume ya Rais ya 1991, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, ilizunguka nchi ikasikiliza wananchi, kisha ikapendekeza ardhi itolewe mikononi mwa serikali kuu, na ile ya vijiji ikabidhiwe mkutano mkuu wa kijiji wenyewe. Serikali haikukubali sehemu hiyo, na sheria za 1999 zikamwacha Rais palepale. Mimi nataka tuirudie. Ardhi isiwe ya mtu mmoja kuiuza apendavyo, na isiwe ya Ikulu kuihamisha ipendavyo. Iwe ya kijiji, kwa sheria inayotambulika mahakamani.

Na hilo linahitaji kazi ya jembe, si hotuba. Tuna vijiji zaidi ya 12,000. Kila kimoja kinahitaji mipaka iliyopimwa, cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi na masijala isiyovuja. Waliowahi kuona uhakiki wa mashamba wanajua ulivyo: kamati inatembea kwa miguu, majirani wa pande zote nne wanasimama kwenye mpaka, kwenye masale au minyaa iliyopandwa na wazee, wanakubaliana au wanabishana palepale mbele ya watu, kisha ndipo kijana mwenye GPS anachukua alama. Ubishi ule wa hadharani ndio ulinzi. Mjane ambaye shemeji alitaka kummegea shamba anasema mbele ya kijiji kizima, na kijiji kinasikia. Ofisi ya mjini haiwezi kumpa hiyo.

Basi naomba tujadili kwa hoja. Wakenya mlioko hapa, hasa wa Kiambu, Nakuru na Kwale: hati imewasaidia nini ambacho SACCO isingewasaidia? Wanaotaka hati binafsi Tanzania, mtaweka kikomo gani ili mwenye fedha wa Dar asinunue nusu ya kijiji Mkuranga? Na wanaotetea mfumo uliopo, nielezeni ni kifungu gani kinachomlinda mwanakijiji siku serikali inapokuja na vigingi.