Dar es Salaam inafuata modeli ipi: ya Burgess, ya Hoyt au ya vitovu vingi?

Mwalimu wa Mbagala
Habari za jioni, wanajukwaa. Ninafundisha Jiografia kidato cha sita, na wiki hii nimekwama mbele ya darasa langu mwenyewe. Nilichora ubaoni modeli ya Ernest Burgess ya mwaka 1925, ile ya kanda tano za mviringo: katikati kitovu cha biashara, kisha ukanda wa mpito wenye vyumba duni vya kupanga, kisha nyumba za wafanyakazi, kisha za watu wa kipato cha kati, na pembezoni kabisa wenye uwezo wanaosafiri kila siku kwenda kazini. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama wenye fedha hukaa pembezoni, mbona Masaki iko jirani na Posta, katikati ya mji, na sisi tuko huku pembezoni Mbagala?" Jibu nililompa halikuniridhisha hata mimi. Je, modeli hii ina nafasi yoyote hapa kwetu, au nishike ya Hoyt? Mtihani unaweza kuuliza zote, lakini ningependa vijana waelewe, wasikariri tu.

Mpimaji Mstaafu
Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa kiini cha jambo. Burgess alikuwa akieleza Chicago, mji uliokua kwa kasi kwa sababu ya viwanda na wahamiaji, ambako kila kundi jipya lilifikia karibu na katikati na kulisukuma nje lile lililotangulia. Hata huko mviringo wenyewe haukutimia, maana Ziwa Michigan limeukata nusu, kama Bahari ya Hindi inavyotukata sisi.

Kwetu, hata hivyo, sababu kubwa si bahari. Kanda za Burgess zinachukulia kwamba soko la ardhi ndilo linalopanga nani akae wapi, ilhali Dar es Salaam ilipangwa kwanza kwa amri. Wajerumani walipohamishia hapa makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walitunga kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina ya nyumba, na kugawa nyumba wakati ule kulikuwa ni kugawa watu. Waingereza wakaendeleza mgawanyo huohuo: Uzunguni upande wa mashariki, Uhindini katikati penye maduka, na Waafrika Kariakoo na Ilala. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kutenganisha Uhindini na Kariakoo kwa kisingizio cha afya. Wengi tunapita pale tukidhani ni bustani tu. Baadaye Wazungu wakatengewa Oysterbay, jirani na Masaki, kwenye upepo wa bahari, na wakubwa waliokuja baada ya uhuru wakarithi nyumba zilezile. Hakuna aliyemsukuma mwenzake kutoka katikati kwenda nje. Ndiyo maana Masaki iko pale ilipo.

Mkazi wa Kimara
Ninakubaliana na mzee, ila nisingemwacha Homer Hoyt nyuma. Mwaka 1939 alionyesha kwamba matumizi ya ardhi hunyooka kama vipande vya chungwa kufuata njia kuu za usafiri, na mji wetu una barabara nne zinazotawanyika kutoka katikati: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Fuata pwani kutoka Oysterbay hadi Mikocheni na Mbezi Beach, utaona kipande cha wenye uwezo kikirefuka kuelekea kaskazini. Viwanda navyo vimeifuata Barabara ya Nyerere sambamba na reli, kwa sababu bandari iko karibu.

Kasoro ni kwamba vipande vyetu vina matundu. Sinza ilipimwa viwanja miaka ya 1970 katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, lakini imepakana na Manzese na Tandale, ambako watu walijenga bila kusubiri mpimaji. Msasani nayo ilikuwa kijiji cha wavuvi kabla ya majumba kuizunguka.

Mwalimu wa Mbagala
Nawashukuru. Na vitovu vingi je?

Mpimaji Mstaafu
Hiyo ni ya Chauncy Harris na Edward Ullman, mwaka 1945, inayosema mji hukua kuzunguka vitovu kadhaa, si kimoja, nayo inatufaa zaidi kwa mji wa leo: kituo cha maduka cha Mlimani City kimevuta wanunuzi ambao zamani wasingekuwa na pa kwenda ila mjini. Hata hivyo, kwa asili ya mji ningewafundisha modeli ya Harm de Blij kuhusu miji ya Afrika, kwa kuwa yeye aliona vitovu vitatu vikiwa bega kwa bega: cha kikoloni, cha biashara ya asili na cha soko. Posta, Uhindini na Kariakoo ziko umbali wa kutembea kwa miguu.

Wape kazi, Mwalimu. Wapande daladala kutoka Rangi Tatu, hapo kwenu Mbagala, hadi Kariakoo, wakishuka njiani kuuliza kodi ya fremu ya duka: Rangi Tatu, Mtoni kwa Azizi Ally, kisha Kariakoo. Kwa Burgess, kodi ingepanda hatua kwa hatua kadiri wanavyokaribia katikati. Mimi ninatarajia ianze juu, ishuke njiani, kisha ipande tena.

Mwalimu wa Mbagala
Kwa hiyo Rangi Tatu ni kitovu, si pembezoni. Yule kijana atafurahi kusikia hivyo. Tutakwenda Jumamosi, na mchoro wa kodi hizo nitauleta hapa.