Naomba ushauri: gari la dhana halisi hutambuliwa kwa kigezo gani?

Ndugu wanajamvi, habari zenu.

Ninaandaa makala kuhusu magari ya dhana, yaani yale yanayoundwa ili kuonyesha wazo la mbunifu na si kwa ajili ya kuuzwa, nami nimekwama kwenye mipaka ya jina hilo. Buick Y-Job ya mwaka 1938, ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza, ilikuwa na taa za mbele zinazojificha, na Harley Earl aliyeongoza ubunifu wake aliitumia kama gari lake binafsi kwa miaka kadhaa. Lancia Stratos Zero ya 1970, ambayo dereva wake huingilia kwenye kioo cha mbele, hainipi shaka hata kidogo. Lakini Audi TT ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1995, kisha ikaingia sokoni 1998 ikiwa na umbo karibu lilelile.

Nilijaribu kigezo cha kutouzwa, kikashindwa, kwa kuwa hata gari la majaribio la kiwandani haliuzwi.

Je, tupime nia ya mtengenezaji siku ya maonyesho, au yaliyolipata gari baadaye? Na umbo tupu lisilo na injini, linastahili jina hilo?

Natanguliza shukrani.