Semista moja Ireland (Cork): mliosoma kule naombeni mwongozo

komputa_mwaka3:
Wakuu habarini za muda huu. Niko mwaka wa tatu nasoma sayansi ya kompyuta hapa Tanzania, chuo chetu kimenipitisha kwenda University College Cork kama mwanafunzi mgeni kwa semista moja, Septemba mpaka Disemba, halafu narudi kumalizia digrii yangu nyumbani. Ada ya kule nimesamehewa kwa makubaliano ya vyuo ila nauli, chumba na kula ni juu yangu. Sasa mjomba anasema nisihangaike na hela, nikifika nitafute kibarua cha jioni mgahawani masaa 20 kwa wiki kama wanavyofanya wengine, nitajilipia mwenyewe. Hilo linawezekana kweli? Chumba nitafute nikiwa huku au nikifika? Na masomo yatahesabika nikirudi au ndo nitarudia semista? Mama yuko tayari kuuza ng'ombe wawili kwa ajili ya safari hii kwa hiyo sitaki kabisa kubahatisha.

dada_wa_mvua:
Mdogo wangu hongera sana. Hilo la kibarua litoe kichwani leo hii. Mjomba hajadanganya, ila anaongelea watu wengine. Wanaoenda kusoma digrii nzima kule wanapewa ruhusa ya kukaa inayoitwa Stempu 2, hao ndo wanafanya kazi masaa 20 kwa wiki chuo kikiwa kimefunguliwa na 40 wakati wa likizo. Wewe wa semista moja unapewa Stempu 2A, na 2A hairuhusu kazi hata ya saa moja. Mimi nililijua hili nikiwa nimeshafika, nililia usiku mzima maana hesabu zangu zote zilikuwa zimesimama kwenye kibarua, nikaishi miezi miwili kwa kukopa kwa watu wa nyumbani. Kwa hiyo hela yote ya kuishi iwe mkononi kabla hujapanda ndege.

Halafu hesabu na vitu vidogo vidogo, bima ya afya ni lazima, na kwa kuwa utakaa zaidi ya siku 90 itabidi ujisajili uhamiaji upate kadi ya IRP, yani kadi ya ukaazi, hiyo peke yake ni euro 300 na watu wengi hawaiweki kwenye bajeti.

msela_Lee:
Naunga mkono dada hapo juu. Mimi niseme la chumba maana ndo linaloumiza zaidi. Ireland nzima vyumba ni vya kugombania, na hosteli nyingi za wanafunzi zinataka usaini mwaka mzima wa masomo, wewe wa miezi minne wanakuruka. Anza na ofisi ya malazi ya chuo chenyewe, waandikie hata kesho, uwaambie wewe ni wa semista moja. USITUME HELA kwa mtu yeyote wa mtandaoni ambaye hujaona chumba chake. Jamaa niliyefika naye alituma euro 900 za kodi na amana, picha nzuri, mkataba upo, hata funguo alipigiwa picha. Tumefika na mabegi, tunagonga mlango, anafungua bibi mzee anatushangaa, ameishi kwenye nyumba ile miaka yote na hana chumba cha kupangisha. Tulikaa pale ngazini mpaka giza, bibi wa watu akatuletea chai.

Mimi kilichoniokoa ni kupanga chumba ndani ya nyumba ya familia, wenyewe wanaita "digs". Mama mwenye nyumba hana shida na semista moja, tena wengine wanapenda hivyo, ila uliza mapema maana baadhi wanataka uondoke wikiendi, na wewe huna pa kwenda. Kuna masharti yake pia. Kwetu swichi ya hita ya maji ilikuwa kabatini kwenye mataulo, unawasha, unasubiri, unaoga, unazima, ukisahau kuzima asubuhi utalisikia. Nilizoea, na mpaka leo yule mama tunapigiana simu.

komputa_mwaka3:
Asanteni sana, yani mmenifungua macho. Kwenye viza je, wanataka kuona shilingi ngapi? Mama akiuza ng'ombe si naweka benki tu nawapelekea statimenti?

dada_wa_mvua:
Taratibu hapo. Tangu Julai 2023 kiwango cha mwaka ni euro 10,000, kwa wa muda mfupi wanahesabu euro 833 kwa kila mwezi. Statimenti wanataka ya miezi sita, na hela nyingi ikiingia ghafla lazima uieleze imetoka wapi. Ng'ombe sio kosa hata kidogo, andikeni hati ya mauziano, mama aandike barua kuwa anakufadhili, viambatanishe vyote. Usiiache ile namba ijieleze yenyewe. Na viza ya Ireland haikupeleki Belfast, kule ni Uingereza, treni kutoka Dublin inapita bila mtu kukusimamisha mpakani lakini wewe viza huna, usije ukaingia ukiona wenzako wanaenda.

mwl_msaidizi:
Kijana, la masomo nikujibu mimi. Semista moja kule ni krediti 30 za ECTS, yani mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya, mara nyingi moduli sita za krediti tano tano. Kabla hujaondoka kaa na mkuu wa idara yako, kila moduli ya kule iandikwe inasimama badala ya kozi gani ya huku, asaini, ubaki na nakala. Wakikuambia kwa mdomo tu kwamba "utarudi tutaangalia" usikubali. Chagua nane au tisa sio sita, maana ratiba zitagongana na wiki za mwanzo utabadilisha. Angalia pia moduli isiwe ya mwaka mzima. Na tiketi ya kurudi usikate mpaka ratiba ya mitihani ya Disemba itoke.

Kwa mtu wa kompyuta hujakosea mahali. George Boole, huyu wa mantiki ya AND, OR na NOT inayotumika kwenye kompyuta, alikuwa profesa wa kwanza wa hisabati pale Cork kuanzia 1849, na maktaba kuu ina jina lake. Mwaka 1864 alitembea kwa miguu kwenda kufundisha mvua inanyesha, akafundisha na nguo mbichi, akaugua mapafu akafariki Disemba hiyo. Kwa hiyo nunua koti zuri la mvua lenye kofia, mwavuli upepo wa kule unaupindua.

komputa_mwaka3:
Nimeandikia ofisi ya malazi sasa hivi, na Jumatatu asubuhi niko mlangoni kwa mkuu wa idara na moduli tisa. Mama nimempigia nimemsomea yote, amesema hati ya ng'ombe ataisaini mwenyekiti wa kijiji.